Miwani ya kusomea kwa mafundi wa mikono: ipi inafikisha mkono pale jicho lilipoona

Miwani ya kusomea ya tayari, ile inayotandazwa mezani Darajani, Unguja, na kwenye maduka ya Chake Chake na Wete, Pemba, ikiwa na kibandiko cha +1.00 hadi +4.00, huuzwa kwa jaribio moja: mteja anapewa kipande cha gazeti, akiona herufi analipa. Msomaji wa gazeti linamtosha. Kwa fundi halifiki hata nusu ya njia. Mshona kofia za viua, mchonga milango, mtia piko, fundi cherehani, fundi saa: kazi yao si kusoma, ni kufikisha ncha ya chombo mahali, na mahali hapo pana mashahidi wawili, jicho na vidole. Miwani inaweza kukupa herufi nyeusi tii na huku sindano inatua pembeni mwa tundu kila mara.

Kwa hiyo hapa miwani haipimwi kwa fremu nzuri wala kwa ukali wa herufi. Inapimwa kwa swali moja: mkono unatua pale jicho lilipoona? Hukumu naitanguliza. Miwani hafifu kidogo iliyokaa sawasawa mbele ya mboni inamfaa fundi kuliko miwani kali inayoonesha kila uzi lakini imekaa upande. Wengi hununua kinyume chake, na sababu ya hukumu hii iko katika namna ubongo unavyowapatanisha wale mashahidi wawili.

Mwaka 1964 Irvin Rock na Jack Victor, watafiti wa Marekani, waliwapa watu kipande cha mraba wakitazame kupitia kioo kilichokifinya mpaka upande mmoja ukaonekana nusu ya upana wake, na wakati huohuo wakishike kwa mkono uliofichwa na kitambaa. Mkono ulishika mraba, lakini wengi walisema wanashika mstatili. Jicho lilishinda, na mkono haukujua hata kwamba umeshindwa.

Mwaka 2002 Marc Ernst na Martin Banks wakaonesha upande wa pili wa jambo hilo. Watu walikadiria kimo cha tuta dogo kwa kuliona na kulishika baina ya kidole gumba na kidole cha shahada. Picha ilipokuwa safi, jicho ndilo lililosikilizwa zaidi. Watafiti walipoivuruga picha kwa makusudi, kidogo kidogo, uzito ulihamia kwenye vidole kwa kadiri ileile picha ilivyoharibika. Ubongo haumpendelei shahidi kwa cheo chake. Unampa kila mmoja uzito kulingana na uhakika wa habari zake.

Sasa weka mambo hayo mawili juu ya meza ya fundi. Lenzi hafifu kidogo inatia ukungu, ukungu unapunguza uzito wa jicho, na vidole vinashika usukani bila ya mtu kuamua. Kazi inakwenda polepole, lakini inakwenda mahali pake. Lenzi kali iliyokaa upande inatoa picha safi, picha safi inaaminiwa, na mkono unafuata mpaka pasipo pake. Kosa la aina hii ndilo gumu kuligundua, kwa sababu mwenye miwani anaona vizuri kabisa na atamlaumu mtu mwingine: sindano butu, taa, au mwanafunzi wake.

Kipimo: pima kazi, usipime gazeti

Nguvu ya lenzi huhesabiwa kwa dayopta, na dayopta ni 100 ukigawa kwa sentimita. Lenzi ya +2.50 inaona wazi kabisa kwenye sm 40 kwa mtu ambaye jicho lake halina tena nguvu yake ya kujikaza. +2.00 ni sm 50, +3.00 ni sm 33, +1.50 ni sm 67, +1.00 ni mita moja. Baada ya miaka 40 lenzi ya ndani ya jicho huzidi kuwa ngumu, na uwezo wa kukazia vitu vya karibu hupungua kidogo kidogo mpaka unakaribia kwisha baada ya 60. Kwa masafa ya gazeti, yaani sm 40, makadirio yanayotumika sana ni +1.00 kwa mwenye miaka 40 na kidogo, +1.50 akikaribia 50, +2.00 akiipita 50, na +2.50 kuanzia karibu 60.

Lakini nani kati ya mafundi anafanya kazi kwenye sm 40? Kaa katika mkao wako wa kila siku, chombo mkononi, na mtu mwingine apime kwa futikamba kutoka kwenye kona ya jicho mpaka ncha ya chombo. Mshona kofia za viua huwa baina ya sm 25 na 35. Fundi cherehani ni sm 40 hadi 50 akitazama sindano ya mashine, na hushuka mpaka 30 anapotunga uzi. Mchonga mlango aliyeulaza mwimo juu ya magogo anatazama kutoka sm 50 hadi 65. Huyu wa mwisho, hata akiwa na miaka 60, anahitaji kama +1.75. Akinunua +2.50 kwa sababu gazeti lilionekana vizuri, ataona ukungu katika mkao wake, atainamisha kichwa mpaka sm 40, kiwiko kitakunjika kupita kawaida yake, na patasi itaanza kuingia kwa pembe nyingine.

Kuna gharama ya pili ya kuzidisha nguvu ambayo wauzaji hawaitaji. Mtu wa miaka 50 na kidogo ambaye bado ana kama dayopta moja ya nguvu zake mwenyewe, akivaa +1.50 ataona wazi kuanzia sm 67 mpaka sm 40, yaani uwanja wa sm 27. Akivaa +3.00 ataona kuanzia sm 33 mpaka 25 tu, uwanja wa sm 8. Ndani ya sm 8 mkono hauwezi kwenda na kurudi. Sindano ikivutwa na uzi wake inatoka nje ya uwanja na inabidi itafutwe upya kila mshono.

Kibandiko chenyewe usikiamini kabla ya kukijaribu. Simama ndani ya duka, mbali na mlango wenye mwanga, geuza lenzi ielekee mlangoni na weka karatasi nyeupe nyuma yake. Isogeze mpaka picha ya nje (nyumba ya ng'ambo, mnazi, watu wanaopita) ikae wazi juu ya karatasi, kichwa chini miguu juu. Pima kutoka lenzi hadi karatasi. +2.50 itoe sm 40 au karibu sana na hapo, +2.00 itoe 50. Fanya kwa lenzi zote mbili. Tofauti ya sm 3 au zaidi baina ya kulia na kushoto inatosha kuirudisha mezani, maana macho mawili yatakuwa yanakazia masafa mawili, na hisia ya kina inayotokana na macho mawili kushirikiana inadhoofika. Jua lenyewe usilitumie. Linachoma karatasi, na jicho pia.

Kitovu cha lenzi, mahali miwani nyingi zinapoanguka

Kila lenzi ina kitovu, na mwanga ukipita hapo haupindi. Ukipita pembeni, lenzi inafanya kazi ya prizimu, yaani kioo cha kabari, na picha inahama. Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: kwenye masafa ya lenzi yenyewe, picha huhama sawasawa na kadiri kitovu kilivyoachana na mboni. +3.00 iliyohama mm 3 inahamisha kitu cha sm 33 kwa mm 3. Kwenye kofia ya viua, mm 3 ni tundu la jirani.

Kama fremu nzima imekaa upande mmoja wa uso, macho yote mawili yanapata mhamo wa upande mmoja, na kitu kinahamia upande wa pili wake. Hilo si baya sana, kwa sababu mkono hulizoea upesi. Balaa ni pale vitovu viwili vinapoachana zaidi ya mboni mbili. Miwani ya tayari hutengenezwa kwa umbali mmoja wa vitovu, mara nyingi baina ya mm 60 na 66, na kichwa cha mvaaji hakikuulizwa. Tena mtu akitazama karibu, macho yake hugeuka ndani, na umbali wa mboni hupungua kwa mm 3 au 4 kuliko anapotazama mbali. Mwanamke mwenye mm 60 za mbali ana kama mm 57 mezani. Akivaa vitovu vya mm 63, kila jicho linatazama mm 3 ndani ya kitovu, na lenzi mbili zinayalazimisha macho kugeuka ndani zaidi ya inavyohitaji kazi.

Ubongo unakusoma huko kugeuka kama habari ya umbali. Kwa hesabu ya kugeuka macho peke yake, akivaa +3.00, kitu kilichoko sm 33 kitaonekana kipo sm 30 hivi. Haifiki hapo kwa ukamilifu, kwani vivuli, ukubwa unaojulikana na mkono wenyewe vinarudisha hesabu nyuma, lakini mvutano upo, na matokeo yake ni kichwa kuuma juu ya nyusi baada ya nusu saa na sindano inayosimama kabla ya kufika kitambaani. Mwaka 2002 Robert van Beers na wenzake walionesha kwamba kushoto na kulia ubongo humtegemea jicho, ila kwa kina, mbali na karibu, hisia ya mkono ina uzito mkubwa. Ndiyo maana fundi mzoefu aliyevaa miwani mbovu ya namna hii bado anashona: kina anakipata mkononi. Mwanafunzi, ambaye mkono wake haujajifunza bado, hawezi.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Umbali wa mboni: mpimaji akae mbele ya mwenye macho, nyuso zao zikiwa sm 40, afumbe jicho lake la kulia, na mwenye macho atazame lile jicho la kushoto lililo wazi. Rula ikae juu ya daraja la pua. Sifuri iwe kwenye ukingo wa nje wa mboni moja, na isomwe kwenye ukingo wa ndani wa mboni ya pili. Irudiwe mara tatu na ichukuliwe namba ya kati. Umbali wa vitovu: shika miwani kama sm 20 juu ya viungio vya vigae vinavyokutana kwa msalaba. Telezesha lenzi mpaka mistari yote miwili inayoonekana ndani iungane bila kuvunjika na ile iliyo nje. Hapo msalaba ndipo kitovu kilipo. Tia nukta kwa kalamu ya wino unaofutika. Fanya lenzi ya pili, kisha pima nukta hadi nukta. Tofauti na mboni zako ikiwa mm 2 au chini yake, chukua. Kwa +1.50 unaweza kustahimili hata mm 5. Kwa +3.00 na zaidi, mm 4 ni nyingi. Muuzaji atakayekataa lenzi zake zisitiwe nukta ya wino unaofutika, mwache na miwani yake.

Ukiwa bado juu ya vigae, izungushe lenzi polepole. Mistari ikifungua na kufunga kama mkasi, lenzi ina mpindo ambao haukutakiwa. Ukiitembeza na mstari ukacheza kama unatazamwa ndani ya maji, plastiki haikumiminwa vizuri. Zote mbili zinaonekana sana kwenye miwani za bei ya chini kabisa, na hakuna dawa yake.

Pua, jasho na vumbi

Hali ya hewa yetu ina hukumu yake. Jasho linateremsha fremu, na fremu ikiteremka mambo mawili yanabadilika kwa pamoja. Lenzi ya +2.50 iliyo mm 12 mbele ya jicho inakuza kitu cha sm 40 kwa asilimia 3. Ikiteleza mpaka sm 3 mbele ya jicho, ukuzaji unazidi asilimia 7. Pili, kitovu kinashuka chini ya mboni, na kwa kanuni ileile ya hapo juu, mm 5 za kuteleza kwenye +3.00 zinaipandisha kazi kwa mm 5 machoni. Ukiisukuma juu kwa kifundo cha mkono, kila kitu kinarudi. Mkono unaozoea hali moja unakuta hali nyingine kila baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo pedi za pua za silikoni zenye vishikilizi vya chuma vinavyopindika ni bora kuliko daraja la plastiki la kipande kimoja. Vishikio vya masikioni vipinde nyuma ya sikio, visielee. Kamba ya shingoni haizuii kuteleza. Inazuia kuanguka tu. Fremu zenye skrubu za chuma duni zinashika kutu upesi karibu na bahari, kwa hiyo skrubu za chuma kisichoshika kutu zina thamani ya kuulizwa. Lenzi za plastiki zisifutwe kwa upindo wa kanga zikiwa na vumbi la mbao au chokaa; vumbi ndilo linalokwaruza. Maji kwanza, tone la sabuni, kisha kitambaa laini. Mikwaruzo ya katikati inatawanya mwanga wa taa, na ukungu huo hauondoki kwa kuongeza nguvu ya lenzi.

Kuhusu kupakwa rangi ya kuzuia mwanga wa buluu: kwa kazi ya mkono haina faida yoyote, usiilipie. Kupakwa dawa ya kuzuia mng'ao kuna faida, hasa chini ya taa za mrija.

Nusu miwani, baifoko na progresivu

Nusu miwani, ile fremu ndogo ya kutazama juu yake, ndiyo ninayoiona bora kwa mchonga nakshi. Anashusha macho kwenye patasi, anayainua kuutazama mfaa wote kwa macho yake mwenyewe, bila kuvua. Udhaifu wake ni kwamba fremu ni nyembamba, kwa hiyo ikikaa vibaya puani kitovu kinakimbia kabisa.

Baifoko zina dirisha dogo la kusomea chini ya lenzi ya mbali. Watu hulalamikia mstari wake, na kweli mstari una tatizo, lakini aina mbili za dirisha hazilingani. Dirisha la duara lina kitovu chake chini, kama mm 11 au 12 kutoka ukingo wa juu. Dirisha la umbo la D, lenye ukingo wa juu ulionyooka, kitovu chake kiko mm 5 hivi chini ya ukingo. Jicho likivuka ukingo, picha inaruka, na mruko ni umbali huo mara nguvu ya nyongeza, yaani ile ambayo dirisha linaizidi lenzi ya mbali. Kwa nyongeza ya +2.50, dirisha la duara hurusha kitu kilicho mita 1.5 kwa zaidi ya sm 4. La D huwa chini ya sm 2. Mita 1.5 ndiyo masafa ya kidato kilicho chini ya mguu. Kwenye ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, zenye vidato virefu visivyolingana na mwanga haba, sm 4 ni mguu kukanyaga hewa. Utafiti wa Stephen Lord na wenzake huko Australia, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta wazee wanaovaa miwani za namna hii wanaanguka zaidi kuliko wanaovaa lenzi za kipimo kimoja, na wanapima kina vibaya wakitazama kupitia sehemu ya chini. Ukilazimika kuvaa baifoko, agiza D, na kwenye ngazi inamisha kidevu ili utazame juu ya dirisha. Mkono mmoja ukutani: hapo mguso unamsahihisha jicho vizuri kuliko lenzi yoyote.

Progresivu, ambazo nguvu huongezeka polepole kutoka juu kushuka chini bila mstari, ni ghali na zinasifiwa sana. Kwa karani au mwalimu wa skuli ni nzuri. Kwa kazi ya nakshi sizipendekezi. Njia ya kuona wazi ni nyembamba, na pembeni yake mistari iliyonyooka inapinda. Mwaka 1933 James Gibson, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwavika watu vioo vya prizimu vilivyofanya ukingo ulionyooka uonekane umepinda, na walipopitisha mkono kwenye ukingo huo huku wakiutazama, waliuhisi umepinda. Fikiria mwimo wa mlango wa mita mbili unaopigwa mstari na fundi ambaye jicho lake linamwambia umepinda na kidole kinakubaliana nalo. Kwa kupiga mistari mirefu vaa lenzi ya kipimo kimoja, au fumba macho kwanza ndipo upitishe kidole. Shahidi mmoja akitoka, wa pili husema kweli.

Lupu ya kichwani, yaani kioo cha kukuzia kinachofungwa kichwani, nitaipita haraka. Inafaa saa na bodi za simu, ambako kazi imetulia mahali pamoja. Kwa kushona inakuza kitambaa na vidole pamoja, mwendo wa mkono unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na kazi inasogea mpaka puani.

Kujaribu mkono wenyewe

Jaribio la mwisho linahitaji ubao mwembamba wenye upana wa karatasi ya daftari kubwa, nukta moja kubwa juu yake, na karatasi iliyobandikwa upande wa chini. Ubao ukae kwenye kimo na masafa ya kazi yako. Ukitazama nukta, peleka kidole cha shahada chini ya ubao, pasipoonekana, mpaka udhani kiko chini ya nukta hasa. Msaidizi atie alama. Rudisha mkono pajani, rudia mara tano. Fanya hivyo bila miwani, kisha ukiwa umeivaa.

Alama kutawanyika kusikutie hofu. Mtu yeyote hukosea kwa sentimita moja au zaidi hata macho yake yakiwa mazima. Kinachotazamwa ni kundi zima kuhama baada ya kuvaa. Likihamia karibu na mwili, vitovu vimeachana kupita mboni. Likihamia upande, fremu imekaa upande. Pinda kishikio, jaribu tena. Likibaki palepale, miwani imepita hata kama herufi ndogo za mwisho hazisomeki.

Miwani yoyote mpya inahitaji muda wa kuzoeana na mkono, na muda huo unapatikana kwa kufanya kazi, haupatikani kwa kuivaa huku umekaa barazani. Tangu karne ya 19 Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, aliona kwamba mtu aliyevaa prizimu hukosea kunyoosha kidole, kisha hujirekebisha baada ya kunyoosha mara kadhaa na kuona anapokosea. Na prizimu ikivuliwa, hukosea upande wa pili. Basi anza na kitambaa chakavu au kipande cha mbao cha kutupa, robo saa au zaidi, mkono ukionekana unapotua. Ukivua, usikimbilie kumimina chai ya moto wala kushika kisu cha pweza; mpe mkono harakati chache za bure kwanza. Na mwenye miwani mbili, moja ya nyumbani na moja ya dukani, ahakikishe umbali wa vitovu ni uleule, vinginevyo anajizoesha upya kila siku mara mbili.

Kwamba mapatano haya hupatikana kwa kufanya yalionekana wazi zaidi kwa watoto 5 wa India, wa miaka 8 hadi 17, waliofanyiwa upasuaji baada ya kuwa na macho yasiyoona umbo tangu kuzaliwa. Richard Held na wenzake waliandika mwaka 2011 kwamba mara tu baada ya kutibiwa watoto hao hawakuweza kutambua kwa jicho kitu walichokishika punde kwa mkono. Waliojaribiwa tena siku chache tu baadaye walianza kuweza.

Taa, na wasiohitaji miwani

Kabla ya kuongeza nguvu ya lenzi, sogeza taa. Iwe juu, kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazini. Taa iliyowekwa chini sakafuni, kama inavyotokea umeme ukikatika, inageuza nakshi: ubongo hudhani mwanga unatoka juu, kwa hiyo shimo linaonekana kivimbe na kivimbe kinaonekana shimo. Hapo kidole kipite kwanza, patasi ifuate. Kidole kinachotembea hugundua mkwaruzo ambao jicho halioni hata kwa lenzi nzuri, ila kidole kilichosimama hakina nguvu hiyo.

Aliyetolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya ndani anafuata hesabu ya 100 kwa sentimita bila kupunguza, kwani lenzi hiyo haijikazi. Asinunue kabla jicho halijapona na kupimwa. Akiwa ametibiwa jicho moja tu, miwani ya tayari yenye nguvu sawa pande zote haimfai, na ni hivyohivyo kwa yeyote ambaye macho yake mawili hayalingani: afumbe moja, atazame, abadilishe. Tofauti ikionekana wazi, kitengo cha macho cha Hospitali ya Mnazi Mmoja au kliniki ya macho iliyo karibu naye ndiko kwa kwenda, mezani hakumfai. Mwenye kisukari na mwenye presha ya macho vilevile.

Wasusi wa ukili wa Pemba wanauziwa miwani kali bila sababu. Mkono wa msusi mzoefu unahesabu miyaa kwa vidole, na macho yako kwa mgeni barazani. Anachohitaji jicho ni kuchagua rangi za miyaa na kukagua nakshi ya mkeka kwa urefu wa mkono, hapo +1.50 na mwanga wa mchana vinatosha, hata kwa mwenye miaka 60.